Spika Iliyogeuzwa Kutazama Kituo cha Chai

Redio ya Chuo cha Ualimu cha Nyabiosi haikuwa redio, na kila mtu alilijua hilo, ila hakupatikana mwenye kifua cha kumwambia Bitutu. Haikuwa na mlingoti wala mawimbi. Ilikuwa ni amplifaya moja iliyoachwa na mwalimu wa Kizungu aliporudi kwao, maikrofoni iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze, betri kuukuu ya lori, na waya uliotambaa juu ya mabati hadi kwenye spika mbili zenye midomo mipana kama tarumbeta. Spika ya kwanza ilitazama bwalo la chakula. Ya pili ilikaa juu ya tangi la maji ikitazama jiko, kwa hiyo mwaka mzima habari za dunia zilisomewa wapishi na sufuria zao.

Bitutu ndiye aliyekuwa mkuu wa redio hiyo. Alikuwa msichana wa kutoka Nyamache, mwaka wa pili na wa mwisho chuoni, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto na kichwa kigumu cha kufuatana na sauti. Msaidizi wake alikuwa Abner, kijana mrefu mwenye kujua waya, aliyekuwa pia mweka hazina, maana mwanafunzi akitaka kutumiwa salamu hewani alilipa ndizi mbivu, na ndizi ziliwekwa hazina tumboni mwa Abner.

Jioni moja, mwaka wa 1973, Bitutu alimaliza kusoma taarifa ya habari akatoka nje kuwatazama wasikilizaji wake. Bwaloni alimkuta mvulana mmoja akichambua wadudu kwenye maharagwe, na wa pili aliyelala. Moyo ulimuuma. Aliposimama pale kwenye ukuta wa chuo, akatupa macho chini bondeni. Kituo cha chai kilikuwa kimejaa watu: akina mama na vikapu vya majani mgongoni, wazee na bakora zao, wote wakisubiri lori lililochelewa, hawana la kufanya ila kuhesabiana mikunjo ya nguo.

"Abner," akasema, "watu wote wale wana masikio, na sisi tunasomea sufuria!"

"Mkuu wetu, Bwana Okemwa, alisema spika zisiguswe."

"Alisema zisiguswe na mvua. Panda."

Abner akapanda tangi. Ile spika ikaacha jiko na kutazama bonde.

Ikawa neema. Siku ya kwanza watu kituoni waliruka, wakidhani ni mkutano wa chifu. Siku ya tatu walikuwa wanaiulizia. Bitutu aliwatangazia lori lilipokwama kwenye matope, akawatangazia ndama aliyempotea mjane mmoja na akapatikana kwenye shamba la jirani ambaye alikuwa amekwisha kumpa jina. Akina mama walianza kutuma ndizi wenyewe, mikungu mizima, na Abner akaanza kunenepa. Bitutu alitembea chuoni shingo juu. Kwa mara ya kwanza alijua kwamba akisema jambo, kuna mtu analisikia, na utamu huo ukishauonja hauachiki.

Sasa Bwana Okemwa, mkuu wa chuo, alikuwa mtu wa tai. Alivaa tai hata akienda kukagua vyoo. Alikuwa mwenyeji wa kwanza kukikalia kiti kile baada ya Wazungu watano, na alikuwa na ndoto kwamba walimu wake wangefundisha watoto hadithi za babu zao. Ndiye mwenyewe aliyemwita Bitutu na kumwagiza aanzishe kipindi cha wazee, kwa lugha ya nyumbani, ingawa siku nyingine mwanafunzi akinaswa akisema Kigusii alipewa jembe akalime. Alichosahau kuuliza ni spika ya tangini ilikuwa ikitazama wapi. Na Bitutu, kwa heshima, hakutaka kumchosha kwa mambo madogo.

Mzee wa kwanza kualikwa alikuwa mwanamke, Magokoro Bosibori. Magokoro ni bibi, na huyu alikuwa bibi wa chuo kizima, kwa kuwa ndiye aliyeleta mboga za chinsaga jikoni kila asubuhi, akiacha matusi ya mapenzi kwa kila mvulana aliyempita. "Mume wangu, mbona umekonda? Nani anakupikia?" Wavulana walimjibu vivyo hivyo, na hakuna aliyeona vibaya, kwa sababu ndivyo ilivyo kwetu. Bibi na mjukuu hawana mpaka. Wanaweza kutaniana juu ya jambo lolote chini ya jua, na mengine ya chini ya blanketi.

Lakini baba na mwanawe, mama na mwanawe, mkwe na mkwe, hao wana chinsoni. Ni aibu, lakini ni aibu ambayo ndani yake mna heshima yote ya Mgusii. Mtu na baba mkwe wake wakiwa pamoja, na mlevi apite njiani akitamka neno la chumbani, mmoja wao lazima akumbuke ghafla kwamba ana ng'ombe wa kukamuliwa. Mwanamume mzima aliyesikia maneno hayo mbele ya mama mkwe wake hana uso wa kuonyesha watu. Kila mtoto wa Kisii na Nyamira anajua hivyo kabla hajajua kuhesabu. Bitutu alijua. Abner alijua. Magokoro Bosibori alijua kuwapita wote.

Ndiyo maana alipoingia kile chumba kidogo cha redio, alichungulia kwanza pembe zote. Aliona nani? Mjukuu wa kike na mjukuu wa kiume. Akafunga mlango, akakaa, akaweka ugoro puani.

"Tuko peke yetu?" akauliza.

"Tuko peke yetu, Magokoro," akasema Bitutu, na wallahi hakudanganya, hivyo ndivyo alivyoona mle chumbani.

Basi bibi akaanza. Alianza na sungura, kwa adabu. Sungura akamchosha mapema. Akamwacha njiani, akaingia kwenye habari ya usiku wake wa kwanza wa ndoa: marehemu mumewe, kitanda cha miti, mbuzi waliokuwa wamefungwa karibu na kitanda, na jinsi mambo yalivyokwenda hadi mbuzi wakatoroka. Maneno yenyewe hayatarudiwa hapa, kwa kuwa msomaji naye ana wakwe. Itoshe kusema kwamba hakuruka hatua hata moja, na kila kitu alikiita kwa jina lake. Abner alianguka chini ya meza. Bitutu alicheka machozi yakailowesha maikrofoni, akawa anasema tu, "Halafu, Magokoro? Halafu?"

Alipotoka nje kulikuwa kimya. Aliuendea ukuta akitarajia kusikia bonde zima likicheka. Kituoni hapakuwa na mtu. Vikapu vilikuwa vimetapakaa chini, vingine vimepinduka, majani yamemwagika, na katikati yake alisimama karani wa chai, kijana wa kutoka Pwani, akiwa ameshika mizani yake kama mtu aliyeachwa stesheni. Juu ya vichaka vya chai, kila upande, zilionekana nguo zikipotea mbio.

Bitutu akageuka kuitazama spika ya tangini. Ndipo akakumbuka kwamba kule bondeni wakwe husubiri lori pamoja.

Kituoni, kwa maelezo yaliyopatikana baadaye, alikuwepo Ondieki, mwana wa kwanza wa Magokoro na mwenyekiti wa wakulima. Alikuwepo mke wa Ondieki, na baba mzazi wa mke wa Ondieki. Na alikuwepo Mzee Ombati, mzee wa kanisa la Wasabato, mtu asiyekunywa hata chai anayoipanda, aliyemwoa binti wa pili wa Magokoro. Miaka ishirini na zaidi alikuwa akimkwepa mama mkwe wake kwa heshima kamili, akivuka barabara, akipitia kwenye matope. Siku hiyo mama mkwe alimfikia akiwa katikati ya umati, kwa sauti ya tarumbeta. Wanasema aliruka ua la mkaratusi ambalo vijana hawaliruki.

Hayo yalitokea Ijumaa alasiri. Sabato nzima Mzee Ombati alikaa na hasira bila kuitumia, maana ni siku ya kupumzika, na hasira ikilala huamka na nguvu. Jumapili, wakati Wakatoliki wanatoka misa, yeye alikuwa ofisini kwa Bwana Okemwa, akipiga meza. Redio ifungwe. Msichana afukuzwe.

Okemwa alimwita Bitutu. Tai yake ilikuwa imekaa upande.

"Umeniaibisha mbele ya tarafa nzima," alisema. "Kesho baraza itakaa. Ukipatikana na kosa, redio inafungwa na wewe unarudi kwenu, na cheti cha ualimu utakisikia kwa wenzako. Nimemtumia baba yako ujumbe. Aje asikie mashtaka mwenyewe."

Bitutu aliyasikia yote hayo akiwa amesimama wima. Ni lile la baba ndilo lililomshinda. Nyamweya, baba yake, alikuwa mkulima mkimya ambaye hakuwahi kumwambia bintiye neno lolote lisilohusu shule, ng'ombe au Mungu. Ayasikie yale maneno, na binti yake amesimama mbele yake, na aambiwe kwamba binti ndiye aliyekuwa akisema "halafu, halafu"? Heri kufukuzwa mara tatu.

"Kubali kosa," Abner akamshauri. Hata ndizi alikuwa hali. "Ukikubali hawatayasoma. Utaenda nyumbani, lakini uso wako utakuwa mzima."

Bitutu nusura akubali. Alikaa juu ya kreti, mbele ya amplifaya, akawaza kuwa darasa alilolisomea miaka yote litapewa mtu mwingine, na kwamba bonde lile litarudi kukaa kimya likisubiri lori. Akalia kidogo. Halafu kichwa chake, ambacho hakikuzoea kulia, kikaanza kazi yake ya kawaida. Mzee Ombati alipolalamika alisema nini? Alisema "yale mambo". Ondieki alipokuja kuchukua vikapu alisema "hiyo maneno ya juzi". Na Bwana Okemwa mwenyewe, msomi, amesema "hayo".

"Abner," akasema, akijifuta pua, "nani atayasoma?"

Jumatatu baraza ilikaa bwaloni. Okemwa alikuwa kichwani mwa meza. Kulia kwake alikaa Mzee Ombati, kushoto Ondieki, kisha baba wa mke wa Ondieki, kisha karani wa chai. Magokoro Bosibori aliketishwa mbali, upande wa jiko, nyuma ya nguzo, ili mkwe wake asimwone. Nyamweya alikuwa amefika asubuhi, viatu vimejaa vumbi la safari, akaketi kwenye benchi la mwisho akitazama sakafu. Bitutu hakuthubutu kumwangalia.

"Bitutu," Okemwa akasema, "unakubali kosa?"

"Mwalimu, sijui kosa langu ni gani. Naomba nisomewe mashtaka. Neno kwa neno, kama sheria inavyotaka."

Nyamweya aliinua kichwa, akakiinamisha tena. Bitutu alijua anachezea moto, kwa sababu kama kungekuwa na mtu mmoja tu asiye na haya mle ndani, angekuwa amejichimbia kaburi na kulifukia.

"Mzee Ombati," Okemwa akasema, "wewe ndiwe mlalamishi. Sema kilichosemwa."

Mzee Ombati alisimama. Akafungua mdomo. Akamwona Ondieki, shemeji yake. Akamwona yule baba mkwe wa Ondieki. Akakumbuka nani yuko nyuma ya nguzo.

"Ilisemwa hiyo maneno," akasema.

"Maneno gani?"

"Hiyo. Nyinyi wote mlisikia."

"Mimi sikusikia," Ondieki akasema upesi. "Mimi nilikuwa nafunga kamba ya kikapu."

"Hata mimi," akasema baba mkwe wake. "Sikio hii ya kushoto haifanyi kazi siku hizi."

"Kama hamkusikia, mbona mlikimbia?" Okemwa akauliza, akianza kutokwa na jasho.

"Ilitaka kunyesha," wakasema wote wawili, kwa mara ya kwanza wakipatana.

Okemwa akamgeukia karani wa chai. Kijana alisimama, Kiswahili chake kikamwagika kama maji ya mtungi.

"Bwana Mkuu, mimi niliona watu wazima wakitimka kama waliochokozewa nyuki. Lakini kilichonenwa, Kigusii chenyewe sikijui. Nilipowauliza wanifasirie, kila mmoja akaniambia nikamuulize mwenzake. Mpaka leo naulizia."

Hapo Okemwa akafanya kosa la msomi. Alikaza tai, akasema kwamba mambo haya hayana budi kwenda kitaalamu, na kwa kuwa yeye alisoma Uingereza, ambako watu husema lolote mbele ya yeyote, atayasema kwa Kiingereza. Akaanza. Alieleza kwamba kulikuwa na harusi. Alieleza kwamba usiku uliingia. Alipokaribia kitanda, macho yake yakakutana na ya Nyamweya, mtu wa rika la baba yake. Kiingereza kilimfikisha mpaka mlangoni pa kile chumba, kisha kikamwacha amesimama hapo peke yake. Akakohoa. Akaomba maji.

"Kwani mnataka nini?" sauti ikatoka nyuma ya nguzo. Magokoro Bosibori alikuwa amechoka. Alisimama na bakora yake, akasema kwa Kigusii, bila kumtazama mtu. "Mmetoa watu mashambani ili waseme wasichokijua. Kitanda kilikuwa changu, mume alikuwa wangu, na mbuzi walikuwa wa baba yangu. Mkitaka nirudie, nitarudia. Tena siku ile sikumaliza. Basi, alipovua lile..."

Hakuna aliyesubiri kujua ni lipi. Mzee Ombati alitoka kwa mlango wa jiko, akaangusha sufuria. Ondieki na baba mkwe wake walikutana kwenye mlango mkuu, wakakumbuka kwamba hawawezi kubanana mlangoni, mmoja akapitia dirishani. Nyamweya aliondoka kwa hatua ndefu, kama mtu aliyeitwa. Bwana Okemwa alikuwa wa mwisho, si kwa ushujaa bali kwa sababu tai ilinasa kwenye kiti. Mle ndani walibaki bibi, wajukuu wawili, na karani wa chai, aliyesogeza kiti karibu akisema, "Basi nifasirieni jamani."

Hukumu ilitolewa kupitia dirishani, Okemwa akiwa amesimama nje kwenye maua, mgongo kwa bwalo.

"Mashtaka yasiyosemeka hayana hukumu," alitangaza. "Kesi imekwisha. Magokoro, nakuomba, nyamaza! Na wewe Bitutu, kama yule mama ataongea tena, utoe ilani kwanza, watu watengane."

Bitutu alikaa chini palepale kwenye sakafu. Alikuwa amebaki chuoni, redio ilikuwa imebaki, na baba yake alikuwa amekwenda bila kumtupia hata jicho. Alijua kwamba hatamuuliza kamwe, na yeye hatamweleza kamwe, na lile la pili lilimuuma kuliko alivyotegemea.

Alasiri, Ondieki alipita karibu na ukuta, akasimama akiutazama mlima wa upande wa Magwagwa kama vile anazungumza nao.

"Spika isirudi jikoni," alisema. "Habari ya lori tunaihitaji."

"Sawa, Mzee."

"Na tena." Akakuna shingo. "Watu wanauliza hiyo hadithi iliisha namna gani. Mimi siulizi. Watu ndio wanauliza."

Lori lilichelewa kama kawaida. Bitutu akaingia chumbani, Abner akaunganisha betri, Magokoro akaweka ugoro puani. "Wasikilizaji wetu," Bitutu akatangaza, "baada ya muda mfupi kutakuwa na kipindi cha bibi na wajukuu. Wakwe na wakwe, baba na wana, tafadhali tenganeni."

Kupitia dirishani aliona kituo kikipangika upya. Wakaza wana walikwenda nyuma ya kibanda. Wazee walihamia kwenye mikaratusi. Mzee Ombati, ambaye hakuwa na haja yoyote ya kuwapo, alivuka barabara akasimama peke yake chini ya mgomba, amejipa shughuli ya kukagua majani yake. Wote walipeana migongo. Lakini hakuna hata mmoja aliyesogea mahali ambapo sauti haifiki.

Magokoro akashika maikrofoni. Alipowafikia mbuzi, Bitutu alitazama tena nje. Kwenye ukingo wa barabara, chini kidogo ya lango la chuo, alikuwa ameketi mtu aliyepaswa kuwa amekaribia Nyamache saa hizo. Alikuwa amekipa chuo mgongo. Kofia ameivuta hadi kwenye pua, mikono imekumbatia magoti, na mabega yake, yale mabega ya mtu wa shule, ng'ombe na Mungu, yalikuwa yakiruka juu na chini bila kujizuia.

Bitutu akayaondoa macho yake upesi, kama binti mwenye adabu. Akaisogelea maikrofoni, akapaza sauti kidogo ili ifike vizuri pale ukingoni.

"Halafu, Magokoro?" akasema. "Halafu?"